Mwanga Wenye Meno

Miaka thelathini na minne nilichoma watu kwa taa.
Ndiyo iliyokuwa kazi yangu: ukumbi wa maigizo, Szeged,
mimi juu kwenye daraja la chuma,
vumbi likiungua juu ya taa za wati elfu mbili
zilizonguruma kama nyuki ndani ya debe.
Chini yangu Villő alikuwa malkia wa barafu, anakufa,
na rangi ya uso wake inamtiririka hadi kifuani.
Pazia liliposhuka alinifuata nyuma ya jukwaa:
"Ödön, mwanga wako una meno."
Nilicheka. Nilidhani kanisifu.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu Boróka
kaniletea tangi la kioo, nusu maji, nusu nchi kavu:
kuvumwani, kangaga, gome la mti lililopinda,
na salamanda mmoja, mgongo wa lami,
tumbo jekundu kama pilipili tunazotungika
chini ya paa mwezi wa Septemba.
"Babu, si wewe fundi wa taa? Mpe jua."

Nikampa. Halojeni, wati hamsini, mkononi nilikuwa nayo.
Kangaga walikunjua ngumi zao siku tatu.
Siku ya nne, Julai, kipimajoto kikasema ishirini na saba.
Salamanda alikuwa kapanda kioo,
vidole katandaza, kidevu juu,
kama mtu dirishani katika nyumba inayoungua.
Mnyoo niliomtegea, hata hakuutazama.
Nikapitisha kiganja chini ya taa.
Meno. Yaleyale.

Nikaenda kwa Kelemen, muuza samaki wa mapambo.
"Nataka taa isiyochoma."
"Hakuna. Kila taa huchoma. Uliza inachomea wapi."
Kwanza akanionyesha ya bei nafuu, ya zambarau;
chini yake kila jani lilikuwa na sura ya maiti.
Nikakataa. Nina macho bado.
Ya pili, kali, wati thelathini:
"Mimea itaipenda," akasema, "na mwani utaipenda zaidi."
Ya tatu aliigeuza mgongo: mapezi ya alumini,
membamba, yamepangwa kama ya sangara.
Joto hutokea huku, mwanga huenda kule.
Wati tisa. Tisa! Kwangu hiyo ilikuwa taa ya chooni.
"Usiilaze juu ya kioo. Iinue vidole vinne, hewa ipite.
Nyeupe ya adhuhuri kwa ajili ya mimea.
Na kitufe hiki cha kuufifiza
ni kwa ajili ya yule asiyependa kuonekana."

Asiyependa kuonekana.
Nililipa, nikapanda tramu, sanduku magotini,
nikawahesabu niliowamulika bila kuwauliza.
Nilipofika kituo cha soko nikaacha kuhesabu.

Wiki mbili. Maji nyuzi kumi na tisa,
kwa msaada wa feni ndogo na chupa ya barafu mchana.
Kuvumwani umetoa nyuzi mpya, laini,
kijani cha kitu ambacho hakijaogopa.
Ila salamanda sikumwona. Gome tu.
Boróka akauliza kama kafa.
Nikamwambia hajafa. Sikuwa na hakika.

Jana, saa nne usiku, nilishusha kitufe
hadi pale ambapo ningefukuzwa kazi,
pale ambapo mtazamaji wa mstari wa tatu
angedai arudishiwe pesa.
Nikakaa gizani, mimi niliyezoea kukaa juu.

Kwanza kikatoka kivuli cha kichwa.
Halafu mkono. Halafu akasimama, akaanza kujivua ngozi,
akaisukuma nyuma kama soksi iliyolowa,
akageuka, akaila yote, bila haraka, tumbo lake likiwaka
kwa moto ambao si wangu.

Boróka alikuwa amelala chumba cha pili.
Nilinyanyuka kumwamsha, nikakaa tena.

Baadaye nilizima, nikagusa mapezi ya taa.
Vuguvugu tu, kama kikombe
cha mtu aliyetoka sasa hivi.