Uvuli, au Giza

Usiku wa pili wa msiba, Mabatini,
juu kule ambako nyumba zimeegemea mawe
kama watoto waliochoka,
tuliweka Biblia tatu mezani,
penye makombo ya ugali wa wageni.

Kesho saa saba mama anashushwa.
Mimi ndiye msomaji. Zaburi tulikubaliana
kabla hata ya bei ya jeneza.
Ugomvi ulikuwa maneno.

Kaka Lutonja alitaka ya zamani,
ile nyeusi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli:
"Alikufa nayo kifuani.
Mnataka asomewe kwa sauti ya nani?"
Milembe alitaka mpya, ya Kiswahili cha leo:
"Wanangu wamesafiri usiku kucha kutoka Dodoma.
Waelewe, wasikae wakihesabu viatu vya watu."
Mjomba Budeba hakusema kitu.
Aliisogeza mbele ile ya Kisukuma
kwa kidole kimoja,
akarudi kwenye chai yake.

Basi nikazisoma kwa tochi ya simu,
mstari kwa mstari, kama karani anayekagua mizani.
Ya zamani inasema uvuli.
Mpya inasema giza.
Neno moja tu, jamani,
na tulikaa nalo hadi jogoo wa kwanza.

"Giza ndiyo kweli," alisema Milembe.
"Mtoto wa jicho alimla macho yote mawili.
Miaka minne nimemshika mkono kwenda chooni.
Usiniletee uvuli."

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na jiwe.
Jiwe lile nyuma ya nyumba, kubwa kuliko nyumba,
ambalo uvuli wake ndio ulikuwa saa ya mama:
ukifika karoni, anahamisha dagaa wake juani;
ukigusa kizingiti, sisi tunatoka shule;
ukimeza uwanja wote, baba anarudi kutoka kiwanda cha pamba,
au harudi.
Hata alipopofuka aliujua kwa ngozi.
"Umefika," angesema,
akavuta kanga mabegani.

Nilitaka kumwambia dada yangu
kwamba uvuli haulali chini pasipo jua.
Nikameza.
Yalikuwa mahubiri,
na aliyebeba beseni la maji ni yeye.
Mimi nilikuwa Tabora, nikituma hela.

Karibu na alfajiri nikaifungua tena ile nyeusi.
Pembeni mwa mstari uleule, kwa penseli,
mwandiko wa mama, herufi zimeinama kushoto:
*Nkwimba. Dagaa debe mbili. Hajalipa.*

Tulicheka.
Tulicheka mpaka Mjomba akaziba mdomo kwa kofia,
mpaka waliolala chini ya turubai wakageuka, wakaguna.
Milembe akajifuta uso kwa upindo wa khanga.
"Haya, soma hiyo," akasema.
"Ila ukifika pale, usikimbie."

Saa saba jua lilikuwa utosini.
Hapakuwa na uvuli wa kitu, hata wa msalaba.
Ziwa chini liliwaka kama bati jipya.
Nilisoma.
Nilipofika pale, koo likafunga,
neno likakaa mdomoni kama kokoto.

Nyuma yangu Mjomba akalisema kwa Kisukuma,
bila kitabu,
na bibi wawili watatu wakalipokea,
wakalibeba hadi mwisho wa mstari.
Na Milembe, akiwa ameinama kati ya wanawe,
nilimsikia: "Giza. Ni giza, mwanangu. Endelea kusikiliza."

Lilisemwa mara tatu, basi, mimi kamwe.

Tulipokwisha kunawa mikono udongo,
mwanamke mfupi, kandambili mkononi,
akanisogelea, akanibana kiganjani
noti iliyokunjwa mara nne,
laini kama kitambaa.
"Ya dagaa," akasema.
"Nimechelewa."