Watu Wateka

Kazi yangu ilikuwa kunong'ona.
Nyuma ya shuka la maua, tochi mdomoni,
mswada magotini, nikiwakumbusha waigizaji
maneno waliyoyaacha nyumbani
pamoja na sahani zisizooshwa.

Ua wa skuli, Langoni. Viti vya harusi, vya kuazima,
kila kimoja kimeandikwa mgongoni jina la mwenyewe.

Mwalimu Bunu alikuwa ameandika tanzia.
Alilitamka neno hilo, tanzia,
kama mtu aliyebeba sinia la glasi.
Mjane, nyumba, mashemeji wawili, kifo.
Na muuza kahawa mmoja, Lali Skanda,
mwenye mishororo mitatu ya mzaha,
hadi wiki moja kabla, kalamu nyekundu ikapita:
"Msiba hauchekwi, Lali. Wewe pita tu na dele."

Lali akasema haya.
(Mamake hutuambia: mwanangu akisema haya,
jueni hana.)

Usiku ule tanzia ilikufa kabla ya maiti.
Shemeji mkubwa alilia mpaka ndevu za pamba zikamshuka.
Akazidaka kifuani, akaendelea kulia
kazipakata kama paka.
Mtoto mmoja akakohoa kicheko. Kikaambukiza.
Zena, mjane wetu, akasahau. Nikanong'ona.
Akasahau tena. Nikanong'ona kwa nguvu
hadi safu ya tano ikaitikia.
Watu walicheka kama wachekavyo
mwenzao akiteleza kwenye ngazi.

Hapo ndipo Lali akaingia.
Alitakiwa kupita tu.
Akatua dele. Akamimina hewa kikombeni,
akaipuliza ipoe,
akasema na kikombe, si na sisi:

*Nyumba wameigawana, hata jiwe la uani,*
*huyu mlango kabana, yule boriti begani,*
*mjane naye si hana: kaachiwa anuani.*

Loh!

Kwenye tundu la shuka nilikuwa nimewaona
mashemeji wa kweli, wa mtaa wetu,
wamekaa safu ya mbele, kanzu zina mikunjo ya pasi.
Hao ndio waliocheka wa kwanza.
Walipigana mapaja.
Kisha cheko likawafikia.
Nililiona likifika, kama pilipili mbuzi:
kwanza harufu nzuri,
halafu mkono umesimama hewani.

Na kule nyuma, Bi Mwanakheri,
aliyehamia kwa dadake mwezi wa Rajabu
na sanduku moja,
alikuwa bado anacheka, sasa peke yake,
ncha ya mtandio mdomoni, machozi yanachuruzika,
asijue mtu ni machozi ya upande upi.
Hakuna aliyegeuka.
Tulitazama mbele, watu mia na ushei,
tukamwachia nafasi.

Baada ya hapo Zena alikumbuka yote.
Tochi nikaizima.

Asubuhi hapakuwa na muujiza.
Mlango ulikuwa kwa aliyeubana.
Ila sokoni, muuza ndizi alimpimia yule shemeji mdogo
chane moja, akamuuliza kwa heshima zote:
"Boriti hajambo?"
Akalipa, akasahau chenji.

Mwalimu Bunu aliirudisha ile mishororo, kwa penseli,
na chini yake, kwa lugha ya nyanya yake,
ambamo kicheko ni kiteko,
lugha asiyoithubutu mbele ya wakaguzi,
akaandika: *Watu wateka.*

Jaji wa tamasha, mtu wa bara, mtu makini,
akaurudisha mswada na swali pembeni:
"Wateka nini?
Ndoo hazimo katika orodha ya vifaa."

Mwalimu akatafuta kifutio.
Nikamshika mkono. Mimi nilikuwepo, nyuma ya shuka.
Niliiona kamba ikishuka, nyepesi, ikichezacheza,
ikishuka tu,
na niliona ilivyorudi nzito.