Bahasha

Miaka ishirini na tisa nilibeba barua za watu
bila kujua zimebeba nini.
Kwangu zote zilikuwa uzito: stempu, namba ya nyumba,
na mbwa wa akina Pelletier asiyesamehe sare.

Sasa nimestaafu; magoti yalinitangulia.
Kila Jumanne, kuanzia saa nne asubuhi,
nakaa chumba cha chini cha maktaba, hapa Thunder Bay,
kwenye meza ambayo mguu wake mmoja umetiwa kadibodi,
nafungua bahasha ambazo wenyewe wameziogopa.
Hakuna anilipaye. Kuna chai,
na biskuti zilizovunjika, duka haliwezi kuziuza.

Anakuja Yordanos, theluji haijayeyuka mabegani,
amekunja barua ya shule mara nane
hadi imekuwa kama hirizi.
"Wanamfukuza mwanangu?"
Naisoma. Wanamwomba aimbe kwaya.
Anacheka mpaka anatafuta kiti.

Anakuja Bassel, daktari wa meno kwao,
hapa mkwangua barafu hospitalini.
Yeye anasoma kunishinda;
anachotaka ni mtu wa kukaa naye habari mbaya ikisomwa.
Tunakaa. Ni mbaya kweli. Namjazia kikombe.

Sina hekima. Nina miwani, kalamu,
na sikio la kusubirishwa kwenye simu.
Subira huvuta heri, wanasema;
ofisi ya pensheni huivuta subira yenyewe
hadi ikakatika.

Basi mwezi wa pili, siku ya baridi ya kugandisha kope,
namwona kwenye foleni Eino Saarela.
Eino wa nyumba namba arobaini na moja, mzaliwa wa hapahapa,
ambaye nilimjua kwa mgongo tu, akiinamia viazi vyake,
maana aliyefungua mlango alikuwa Hilkka.
Ameshika namba kumi na saba kama watu wote,
mfuko wa plastiki kati ya viatu.
Nikadhani amekuja kulalamika juu ya wageni.
Nalikiri hilo. Nilikwisha kuandaa jibu.

Zamu yake ilipofika akaumimina mfuko mezani:
umeme, kodi ya nyumba, kliniki ya macho,
miezi kumi na minne,
hata moja haijachanwa.

"Hilkka ndiye aliyekuwa akisoma."

Alisema hivyo tu, akiangalia meza.
Mengine niliyapata kwa vipande:
babake alimpeleka kambi ya kukata miti ana miaka kumi na mmoja;
herufi zikabaki shuleni, yeye akaenda na shoka.
Miaka hamsini na sita mke akamsomea jikoni,
na mtaa mzima haukujua,
wala mimi, niliyefika mlangoni pale kila siku ya kazi.

Nikaanza kupanga: za haraka huku, matangazo kule.
Chini kabisa, bahasha ndogo ya kijivu.
Mwandiko wake ulinisimamisha mkono.
Ulikuwa wangu.

Nilimwandikia alipomzika Hilkka.
Kisha mwaka mzima nikapita ng'ambo ya barabara
nikisema moyoni: jiwe lile, hata asante.

"Hii imetoka kwa nani?" akauliza.

Nikavua miwani, nikaifuta,
nikaivaa, ukungu uleule.
Nikasoma polepole, nikijaribu kufuata mwendo wa jikoni kwao:

*Eino, siku za baridi kali mkeo alinisubiri kizingitini
na glavu kavu, akachukua zangu zilizolowa.
Kesho yake tukabadilishana tena.
Hakuna siku vidole vyangu vilimsahau.*

Akanyamaza. Mtoto wa mtu akaangusha penseli.

"Zile glavu," akasema Eino, "zilikuwa zangu.
Majira mangapi ya baridi nimezitafuta."

Akasogeza kiti chake kando, hakuondoka.
Nikaita namba kumi na nane,
sauti ikatoka ya mtu mwingine.