Boya la Shaba

Mkate wa Abudi ulikuwa ukinuka petroli.
Ndivyo walivyolalama Mambrui,
hata mama mmoja akaurudisha na karatasi yake:
"Huu niutie chai, au niutie kibiriti?"

Basi Datsuni ikaletwa kwangu, Maweni,
pikapu ya rangi ya maziwa ya jana.
Ikisimama inatetemeka kama mwenye homa,
inakohoa moshi mweusi, kisha inazima.
Nikachomoa plagi: nne, kavu, nyeusi
kama vidole vya mchoma makaa.
Mafuta mengi, hewa haba.
Nikamwambia Abudi: kesho.

Hiyo kesho niliila siku tatu.

Skrubu ya mchanganyiko ni ndogo, ina springi shingoni.
Iingize mpaka iguse, usiibane,
ukiibana unaitia ncha yake kidonda.
Kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu
na usikilize.
Nilisikiliza.
Robo kulia. Robo kushoto.
Injini hainijali, kama karani wa ardhi
aliyekwisha kula kwa mwenzako.
Nikaifunga kabisa. Ilipasa izime.
Ikanguruma vilevile, ikatapika moshi vilevile.

Hapo ningejua.
Ukiufunga mlango na wageni wakazidi kuingia,
si mlango huo wanaopitia.
Lakini mimi ni fundi wa miaka kumi na tisa,
nina jina, na jina huziba masikio.
Nikalaumu plagi, nikanunua mpya.
Nikalaumu chujio la hewa, nikalikung'uta
mchanga wa barabara nzima ya kwenda Sabaki.
Nikalaumu choki, na choki iko wima, haina kosa.
Kadzo, mwanafunzi wangu, alinishikia tochi
asiseme neno,
na nikalisikia.

Siku ya tatu jasho likanidondoka juu ya kabureta.
Nikalipangusa kwa kitambaa,
na chini ya masizi kikatoka kioo.
Kidogo, mviringo, sawa na sarafu ya shilingi,
kina mstari katikati.
Kilikuwepo. Siku zote tatu kilikuwepo.
Petroli ilitakiwa ifike mstarini;
ilikuwa juu, juu kabisa, hata ukingo wake huuoni.

"Fundi," Kadzo akasema, "hicho ni cha nini?"
Nikakohoa.

Tukafungua. Boya la shaba, dogo kuliko hamri.
Nikalitikisa sikioni:
chwa, chwa.
Ufa mwembamba kuliko unywele,
nalo likanywa tone kwa tone, mwaka labda, au miwili,
mpaka likasahau kuelea,
na sindano iliyongoja kusukumwa juu
ikabaki wazi.

Tumezoea kusema debe tupu haliachi kuvuma,
tukalicheka debe.
Iko kazi isiyowezwa ila na kitu kitupu.
Boya lililojaa halivumi;
limekaa chini na heshima zake
na nyumba inafurika.

Kadzo akalizamisha katika maji ya moto,
viputo vikapanda foleni, vikatuonyesha tundu.
Tukalipeleka kwa Jethalal, sonara.
Akalinusa, akalirudisha juu ya meza:
"Mimi nina mke."
Likaanikwa juani siku nzima, likanuswa tena,
ndipo akaliziba kwa tone moja la risasi,
kisha, kwa mazoea, akaliweka
kwenye mizani ya dhahabu.

Alfajiri nikarudi kwenye skrubu.
Robo kulia: injini ikalegea.
Robo kushoto: ikajikusanya.
Kidogo tena, upana wa ukucha,
na ikatulia, mlio mmoja, mpaka bilauri ya chai
juu ya bodi ikaacha kulia.
Sasa ilikuwa ikinisikia.
Au mimi ndiye.

Abudi akaja na mkate. Niliunusa kwanza.
"Ilikuwa nini?" akauliza.
"Skrubu tu," nikamwambia.

Kadzo akainama, akakipangusa kile kioo
ingawa kilikuwa safi.