Usiku wa Bahasha

Usiku wa mwisho kabla ya Vancouver
meza ya kumi na nne haikuja.
Rodelio aliwapangia viti hata hivyo,
akaikunja leso umbo la bata, kama apendavyo mtoto wao.

Siku saba amekariri:
mama hagusi vitunguu,
baba hutaka supu ya kuunguza ulimi,
mtoto, kamba waliotolewa vichwa.
Leo wamepanda juu, kwenye chakula cha kujipakulia,
ambako hakuna wa kumtazama usoni.
Bakshishi, walisema jana, si imo kwenye nauli?

Imo. Na haimo.

Saa nne, taa zimepunguzwa,
akaingia Bi Thorvaldsen wa meza ya dirishani,
fimbo mkononi, bahasha mbili.
Ya kwanza akampa Rodelio bila neno,
kama anayerudisha kitabu alichoazima.
Ya pili akabaki nayo.

"Yule kijana wa maji," akasema,
"anayejaza bilauri kabla sijajua nina kiu.
Anaitwa nani? Niliandika, nikafuta."

"Ketut," nikajibu, nyuma ya jagi langu.

Akaketi. Akafungua kalamu.
Akaniuliza T ziko ngapi.