Neno la Thelathini na Tisa

Kila Alhamisi ya tatu, jua halijachomoza
nyuma ya mialoni ya vizibo, mimi na Bachisio
twashuka Cagliari. Naendesha mimi.
Yeye amelala mdomo wazi, rangi ya jibini mbichi.

Hospitalini humtundikia mfuko wa damu ya mtu asiyemjua.
"Leo naomba iwe ya mwizi," husema. "Nipate mbio."
Mimi hukaa na prufu zangu kwenye kiti cha plastiki,
maana kazi yangu ni kusahihisha vitabu vya shule:
kalamu nyekundu, na jicho la kuwinda herufi.

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Hawajaiona ya kaka yangu wiki ya tatu.

Daktari Loi alinieleza kwa lugha ya kazi yangu.
Kila seli, alisema, ina maktaba nzima, ileile:
ya ini, ya kope, ya ngozi ya kisigino.
Kinachotofautiana ni kurasa zipi zinasomwa
na zipi zimegandishwa kwa gundi.
Jeni ni aya. Hunakiliwa, nakala ikapelekwa kiwandani
ikasomwa herufi tatutatu, kila tatu neno,
na maneno yakishikana, ndiyo protini.

Aya moja ya himoglobini, kromosomu ya kumi na moja,
nyumbani kwetu ina kosa la chapa.
Herufi moja, C. Mahali pake imekaa T,
na neno la thelathini na tisa limegeuka nukta.
Msomaji akifika pale hufunga kitabu.
Sentensi ina maneno mia moja arobaini na sita.

Baba alikuwa na nakala moja mbovu. Mama, moja.
Nakala nzima zikawabeba, wakavuna zabibu hadi uzeeni.
Na bibi, aliyelala kando ya kinamasi,
malaria ilimpita kama mgeni aliyekosea mlango:
kosa lile lilimkinga.
Deni likaja kudaiwa kwetu.

Nasema kwetu. Mimi pia.
Mimi pia nina nukta mbili,
herufi ileile, mahali palepale,
na nabeba ndoo, napanda ngazi, nimezaa wawili.

"Ulipokuwa tumboni," alisema Daktari, "ulisoma aya nyingine,
ya jirani, ya himoglobini ya mtoto asiyezaliwa.
Sote huanzia hapo. Kisha, miezi michache baada ya kuzaliwa,
huja protini fulani, iliyoandikwa mbali, kromosomu ya pili,
ikaketi mlangoni pa aya ile, ikasema: basi, umekua.
Kwa kaka yako mlinzi huyo hapepesi jicho.
Kwako…"
akaigeuza karatasi kama anayetafuta neno la adabu,
"…ni mzembe."

Mzembe!
Mimi ninayemrudishia mwandishi sura nzima kwa mkato mmoja,
miaka arobaini na nne nimeishi
kwa fadhila ya mlinzi anayesinzia zamu.

Nilikaa na hilo siku nyingi bila kumwambia.
Ungemwambiaje? Kwamba hatukutofautiana kwa kosa,
tumetofautiana kwa usingizi?

Nilimwambia Alhamisi iliyopita, mfuko ukiwa nusu.
Hakulia. Aliuliza kama huyo wa kwake hawezi kulazwa.
Wanajaribu, nikasema. Wanachukua seli za uboho,
wanamfunga mdomo humohumo, wanazirudisha.
Kuna orodha. Jina lako limo.
Akatazama matone.

"Lakini tumboni," akasema, "wote tulisoma aya moja?"
"Ileile."
"Basi niliwahi kuwa mzima."
"Miezi tisa," nikasema. "Na kidogo zaidi."
Akahesabu kwa vidole, akaviangalia, kucha zimeanza kuiva wekundu.

Tuliporudi aliomba funguo.
Aliendesha vibaya, kasi mno, dirisha wazi,
akipita mialoni iliyochunwa magome,
kila shina na mwaka wake kwa rangi nyeupe,
na kila tulipokata kona alikuwa anapiga honi
bila mtu mbele.