Daftari la Meza ya Alama

Wanabishana tena pale Kadutu, juu ya ngazi za soko:
Cirhuza au Mushagalusha, nani zaidi?
Wanahesabu kwa vidole: vikombe vitatu, kikombe kimoja,
na vidole vinakata kesi kabla mdomo haujafunguka.

Mimi sisemi. Nina daftari.
Miaka kumi na mmoja nilikaa kwenye meza ya alama,
biki ya bluu mkononi, nyekundu nyuma ya sikio,
mwavuli juu ya karatasi,
maana mvua ya Bukavu haingoji kipenga.

Naam, Cirhuza. Nani asiyemkumbuka?
Aliruka kana kwamba ardhi inamdai, naye hataki kulipa.
Pointi ishirini na nane fainali ya kwanza, nimeziandika mwenyewe.
Lakini daftari langu lina safu ya pointi tu.
Halina safu ya Namegabe aliyesimama kama mlango,
beki wao akamgonga kifuani, si mara moja,
ili Cirhuza apate pumzi mbili na uwazi wa kiganja.
Jumatatu Namegabe alibeba mifuko ya saruji kwa bega moja.
Lingine halikunyanyuka.

Fainali ya pili, viatu.
Soli ya Cirhuza ilibanduka dakika ya thelathini.
Bisimwa akavua vyake, akakaa benchi na soksi
zenye dirisha kwenye dole gumba,
akipiga makofi kuliko sisi sote.
Niandike nini? Bisimwa: sifuri.
Niliandika sifuri. Mkono huu hadi leo unaona haya.

Na Mushagalusha?
Kwa mikono tu, sijaona mfano wake.
Mpira ulimsikiliza kama mtoto anayependa shule.
Lakini mwaka ule ilisemekana dhahabu imeonekana Kamituga;
wawili wakaenda, mmoja akaoa Uvira,
akabaki Baderha na goti lake la kuazima,
na watoto wa kujazia.
Alifunga arobaini na moja usiku ule wa Ibanda,
wakashindwa kwa pointi moja.
Pasi yake ya mwisho ilikwenda mahali
ambapo mwaka uliotangulia angekuwepo mtu.
Naiona usingizini ile pasi,
inapita, inapita, hakuna kiganja.

Sasa mnaniuliza: Mama Nabintu, wewe uliyeandika, amua.
Nafungua ukurasa. Naufunga.
Mpimeni mtu kwa waliomzunguka, sawa,
lakini hao waliomzunguka, nani aliwapima?

Kuna mmoja hata jezi hakuwa nayo.
Uwanja wetu uko ukingoni. Mpira ukiruka uzio
unateremka, bati hadi bati, mfereji hadi mfereji,
ukitafuta ziwa.
Ntwali, kijana wa nyumba za chini, ndiye aliyeufuata.
Tulikuwa na mpira mmoja. Miaka yote ya vikombe, mmoja.
Mabingwa walisimama mikono kiunoni, wakingoja
mpaka kichwa chake kichomoze juu ya ngazi,
matope magotini, mpira kwapani,
amekasirika:
“Umeangukia sufuria ya Mama Faida.
Maharage yale mtalipa.”

Hatukulipa.

Jana nimepiga mstari mpya pembeni, kwa rula,
kuanzia ukurasa wa kwanza.
Safu iko tayari, nyembamba, tupu.
Bado sijajua juu yake niandike neno gani.